Nyumba Njema Si Mlango: Furaha ya Kila Siku katika Ushairi wa Pwani

Wahenga wa pwani wamesema kuwa nyumba njema si mlango. Mtu akisimama barazani kwa watu akaziona nakshi za mlango na misumari yake ya shaba, huweza kupumbaa akadhani ameshaijua nyumba, ilhali bado hajapiga hodi. Wengi wetu tunaojiita wahakiki wa ushairi tumekuwa watu wa mlangoni. Tunazisoma tenzi na mashairi yetu kwa kutazama kile kilichochongwa kwa nje: waadhi, siasa, mahaba, mizani na vina. Yote hayo yamo na yana haki ya kutajwa. Lakini ndani ya nyumba mna mtu anayefagia ukumbi, mwengine anayefukiza udi, mwengine anayemsubiri mgeni kwa birika la kahawa, na hao tunawapita bila ya kuwatolea salamu.

Makala haya yana dai moja tu. Naamini kuwa furaha ndogo ya kila siku, ile ipatikanayo kwa kuishi kwa nia nyumbani na nje ya nyumba, ni maudhui ya zamani na mazito katika ushairi wetu, na kwamba tumeiacha bila ya kuipa jina kwa kuwa imejificha ndani ya waadhi na maombolezo. Nitaitafuta katika tungo chache ambazo msomaji anazijua. Nitasema pia pale inapoumiza, maana furaha ya mtu mmoja mara nyengine hutengenezwa kwa jasho la mwengine, na mhakiki asiyelisema hilo hajahakiki.

Neno nia nalitumia kwa maana yake tuliyosomeshwa chuoni. Kila mtoto aliyekaa mbele ya mwalimu wa Kurani katika visiwa vyetu amefundishwa kuwa amali hupimwa kwa nia. Amefundishwa pia mfano wake ulio karibu kabisa: maji ni yale yale, uso ni ule ule, lakini anayenawa kuondoa vumbi hajatia udhu mpaka anuie. Tendo moja, kwa nje halina tofauti, limekuwa vitu viwili. Mfano huo, kwa maoni yangu, ndio ufunguo wa sehemu kubwa ya ushairi wetu wa majumbani. Kufagia ni kufagia, mpaka anayefagia anuie jambo.

Tumuanze Mwana Kupona

Mwana Kupona binti Mshamu aliutunga utenzi wake mwaka 1858, akiwa mgonjwa na mjane. Mumewe, Bwana Mataka wa Siu, aliyepambana na utawala wa Unguja, alikuwa amekwisha kufa. Utenzi anamuusia binti yake, Mwana Hashima. Anamwambia alete wino na karatasi, kwa kuwa maradhi yamemshika mwaka mzima na hajapata kumpa neno jema. Hapo unafuata wasia wa zaidi ya beti mia moja: dini, adabu, ulimi wa kweli, kuwaridhi Mungu na Mtume na wazazi, na wa tano wao ni mume. Mwisho ni dua ndefu kwa ajili ya watoto, ndugu na Waislamu wote.

Nimeusomesha utenzi huu katika skuli kwa miaka mingi. Nilisimama mbele ya ubao nikawaambia wanafunzi waandike maneno matatu: utiifu, uchaji na usafi. Wakaandika, wakafaulu mitihani yao, nami nikajiona mwalimu. Wengine waliokuja baadaye, hasa wanafunzi wa kike waliosoma mbele zaidi, waliniuliza kwa heshima kama hatuoni aibu kuwapa watoto utenzi unaomtaka mke ampepee mumewe akilala na asipaaze sauti yake. Niliwajibu kwa lugha ya mlangoni: huo ni wakati wake, hiyo ni mila, tuendelee na ubeti unaofuata. Lilikuwa jibu dhaifu, na wao waliniachia kwa adabu tu.

Leo ningewajibu vyengine. Kwanza ningewaomba tusome tena, polepole, yale ambayo mama huyu anayaona. Anataka nyumba isafishwe, na hakuona haya kuvitaja hata vyoo. Anataka mtu anayelala aachwe alale, na akiamka chakula chake kisicheleweshwe. Anataka mume atunzwe kama mtoto asiyejua bado kusema, yaani atazamwe mpaka haja yake ifahamike kabla ya kuitamka. Kisha anamgeukia binti mwenyewe: pete zisimtoke vidoleni, wanja usimtoke machoni, hina na marashi visimuondoke, akae daima kama bibi harusi. Tumezoea kuyasoma haya kama orodha ya amri. Yasomwe kama orodha ya mambo ambayo mtu ameyatazama kwa makini na tutaona jambo jengine. Hakuna hata moja ambalo angeweza kulitaja mtu asiyekaa ndani ya nyumba hiyo akiwa macho. Kujua kuwa kiumbe mwenzako ana haja ambayo bado hajaitamka ni kazi kubwa kuliko kutii.

Pili, ningewaonesha mahali ambapo utenzi unaacha kuamrisha na kuanza kukumbuka. Mama anasimulia ndoa yake mwenyewe. Anasema waliishi kwa furaha na kicheko, pasi na kuvunjiana heshima siku zote walizokaa pamoja. Mauti yalipomfika mume, alimkariria mkewe radhi zake na kushukuru. Tangu hapo, anasema mjane huyu, machozi hayajamkatika kila anapokumbuka ule upumbao wao na wingi wa mazoea.

Mazoea! Nililipita jambo hili miaka yote bila ya kulitazama. Mjane wa mtawala angeweza kuyalilia mambo makubwa: cheo, vita alivyopigana mumewe, sifa zake mbele za watu. Analia kwa mambo yaliyokuwa yakirudi kila siku. Hapo ndipo wasia wote wa nyuma unapogeuka maana. Udi wa asubuhi na jioni, pepeo, chakula kisichocheleweshwa, vyote vilikuwa ndiyo hayo mazoea. Mama hakuwa akimfundisha bintiye namna ya kutumikia peke yake. Alikuwa akimpa vitu ambavyo siku moja atavikumbuka.

Msomaji atanisamehe nikisema kwa nini nililiona hili kwa kuchelewa. Mke wangu, Mungu amrehemu, alikuwa na desturi ya kuniuliza kila alasiri, "Mwalimu, umeionaje chai ya leo?" Nami, macho yamo kitabuni, humjibu, "Chai ni chai, mama." Hucheka akaenda zake. Baada ya arubaini yake, watu waliporejea makwao, niliingia jikoni kujitengenezea mwenyewe. Juu ya rafu nilikuta vikopo vinne: iliki, mdalasini, tangawizi na mchaichai uliokaushwa. Ndipo nilipofahamu kuwa alikuwa akibadilisha siku kwa siku, na kwamba lile suali lake lilikuwa suali la kweli. Alikuwa akingoja jibu kwa miaka. Nilikuwa nikimsoma Mwana Kupona kwa mshahara, na Mwana Kupona alikuwa jikoni kwangu.

Sijaeleza haya ili nihurumiwe. Nimeeleza kwa kuwa yanagusa kasoro ya utenzi wenyewe, ambayo sasa naiona wazi kuliko nilivyoiona nilipokuwa nikiikwepa. Utenzi unamwambia mke atazame. Haumwambii mume. Neno la mume tunalipata mara moja, saa ya kufa, pale anapokariri radhi. Ni neno zuri, na wengine hatukuwahi hata hilo. Lakini mizani haijalingana: umakini wa kila siku upo upande mmoja, na shukurani imekusanywa ikalipwa mkupuo, mwishoni. Shaaban Robert wa Tanga (1909–1962) alipomtungia binti yake Utenzi wa Hati, alimtungia na mwanawe wa kiume Utenzi wa Adili, na hatua hiyo peke yake ina thamani: wasia umefika kwenye vyumba vyote viwili.

Kuna kasoro nyengine iliyo nzito zaidi. Katika utenzi mna watumwa. Mama anamuusia bintiye asichanganyike nao ila wakati wa kazi. Basi ule ufagio ambao tumeusifu, tuulize ulikuwa mkononi mwa nani. Maji ya kuoshea hivyo vyoo nani aliyateka? Furaha ya kweli ya watu wawili ilikaa juu ya mabega ya wengine ambao utenzi hauwapi jina wala ubeti. Mhakiki hana haki ya kulifuta hilo kwa kusema ndivyo ulivyokuwa ulimwengu. Naweza kusema hivi tu: maarifa aliyotuachia Mwana Kupona ya namna ya kuitazama siku ni maarifa ya kweli, na kwa kuwa ni ya kweli, ni ya kila mtu; hayakuwa milki ya waungwana. Historia yenyewe ilikuja kulithibitisha hilo, kama tutakavyoona.

Kina kisichobadilika

Kabla ya kutoka katika nyumba ya Siu, tuitazame fani kidogo, maana wapenzi wa ushairi watataka kujua kama haya ninayoyasema yamo katika utungo au yamo kichwani mwangu. Ubeti wa utenzi una vipande vinne vya mizani nane nane. Vitatu vya mwanzo hupatana kwa kina chao, na kina hicho hubadilika kila ubeti. Cha nne kina kina chake, na hicho hakibadiliki tangu ubeti wa mwanzo hadi wa mwisho.

Tumezoea kuwaambia vijana kuwa kina hicho cha mwisho ni pambo, au ni msaada wa kuhifadhi kwa moyo. Ni kweli kinasaidia kuhifadhi. Lakini sikiliza utenzi ukighanwa na mtu aujuaye. Vipande vitatu vinakwenda na habari mpya, sikio halijui litapelekwa wapi. Cha nne kinakurejesha pale pale ulipoachwa. Baada ya beti ishirini msikilizaji huacha kukisikia kile kina, na hata hivyo kikikosekana mara moja tu atashtuka kama mtu aliyerudi nyumbani akakuta kitanda kimehamishwa. Hayo ndiyo mazoea kwa umbo la sauti. Siku zina habari zake tatu zisizofanana, na jioni inarudi na jambo lile lile. Bahari hii ya utenzi imebeba vita na maisha ya mitume kwa ufasaha, lakini katika utenzi wa mama huyu fani na maudhui vimekaa chumba kimoja.

Vitu na vitendo

Miongo kadhaa kabla ya Mwana Kupona, Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir aliitazama Pate iliyoporomoka akatunga Al-Inkishafi. Kila msomaji wa pwani anajua shabaha yake: mshairi anauonya moyo wake usighurike na dunia, maana walioghurika majumba yao yamo magofuni. Kwa wengi huu ndio utungo wa kuipa mgongo furaha. Mimi nauona kinyume kidogo.

Ukisoma zile beti za majumba ya Pate utaona kuwa mshairi anaijua dunia hiyo chumba kwa chumba. Anazijua taa zilizogeuza usiku kuwa mchana, vyombo vya Kichina vilivyopangwa, vitanda vilivyowekwa mito kichwani na miguuni. Anajua na yaliyokuja baadaye: popo wananing'inia, njiwa wamekaa vidakani mahali pa sahani, mende na nyenze wanaimba kwenye kumbi za wageni, nyasi na miiba imeota uani. Mtu asiyeipenda nyumba hawezi kujua njiwa amekaa kwenye kidaka kipi. Waadhi unasema achana nayo, na jicho linakataa kuondoka. Mvutano huo ndio uliouhifadhi utungo kwa karne mbili, zaidi ya mahubiri yaliyomo ndani yake, maana mahubiri ya namna hiyo yalikuwa mengi na tumeyasahau.

Hata hivyo mshairi wa Inkishafi na Mwana Kupona hawatazami kitu kimoja. Kwake yeye furaha imo katika vitu: kaure, taa, hariri, na vitu vilikuja na jahazi za biashara, biashara ilipokatika vikaenda zake. Kwa Mwana Kupona furaha imo zaidi katika vitendo. Kitendo nacho hupita, tena upesi kuliko sahani, lakini kina fadhila moja ambayo sahani haina: kinaweza kurudiwa katika nyumba nyengine, hata ya makuti, hata ya kupanga. Mwana Hashima hakuhitaji kuirithi nyumba ili airithi furaha ya mama yake.

Sisi wa Unguja tumelipata somo hili mbele ya macho yetu. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa mwaka 1883, ilianguka, na watu wakapoteza maisha. Watu wazima walisimama Forodhani wakilia, nami nilikuwa mmoja wao. Ni haki kulilia jumba. Lakini jioni ileile, kwenye baraza za Mji Mkongwe, kahawa ilipita, na bao likachezwa kwa sauti ya chini kuliko siku zote. Jumba lilikuwa kitu. Baraza, ingawa nayo ni saruji na mawe, ni kitendo.

Furaha inatoka nje

Nilisema historia ilithibitisha kuwa maarifa ya furaha hayakuwa ya waungwana peke yao. Utumwa ulifutwa kisheria Unguja mwaka 1897. Miaka michache baadaye, mwanamke wa Fumba aliyezaliwa katika ukoo wa watu waliowahi kutumikishwa alikuwa akitembea na vyungu kichwani, akivinadi kwa sauti mpaka wateja wanasahau bei. Huyo ndiye Siti binti Saad, aliyefariki mwaka 1950, na ambaye Shaaban Robert alimuandikia wasifu. Mwaka 1928 sauti hiyo hiyo ya kuuzia vyungu ilikwenda Bombay kurikodiwa katika santuri, na taarabu ya Kiswahili ikapata masikio ya pwani nzima.

Kinachonigusa katika habari ya Siti ni pale alipoanzia. Kunadi vyungu ni kazi ya shida: njia ndefu, jua, mzigo wa kuvunjika. Angeweza kuifanya kimya kimya. Aliamua kuifanya kwa sauti nzuri, na kwa kunuia hivyo mara kwa mara kazi ikawa ndiyo skuli yake. Nyimbo zake baadaye zilijaa mambo ya mtaani, majirani, kesi na fitina za mji, na waliozisikiliza Ng'ambo walikuwa wengi wao watoto wa wale ambao utenzi wa Siu haukuwapa ubeti. Sasa wao ndio wenye wimbo.

Mlango huo ulikuwa umekwisha kufunguliwa upande wa Mvita. Muyaka bin Haji, aliyekufa karibu na mwaka 1840, husifiwa kwa kuutoa ushairi msikitini na kuupeleka sokoni. Sifa hiyo husemwa kana kwamba sokoni hakuna ibada. Msomaji wa diwani yake huona mtu anayeupa uzito ule ule ugomvi wa watawala na kisa cha nyumbani kwake, anayecheka na kuteta na kufumba, na ambaye hakuona kuwa maisha ya kawaida ni madogo mno kwa shairi. Tungo hizo zilihifadhiwa vifuani mwa watu kabla ya kuandikwa, na watu hawahifadhi vifuani ila kile wanachokirudia kwa raha.

Ugenini

Je, mazoea yanasafiri? Hapa ndipo mtihani ulipo, maana ni rahisi kusifu udi kwa mtu aliye karibu na duka la udi.

Sayyida Salme binti Said alizaliwa Mtoni mwaka 1844, akaondoka Unguja mwaka 1866, akaolewa na mfanyabiashara wa Kijerumani, akaishi Hamburg. Mumewe alikufa mwaka 1870 kwa ajali, akabaki na watoto watatu wadogo katika nchi ya baridi. Kumbukumbu zake, zilizochapishwa kwa Kijerumani mwaka 1886, si ushairi, lakini mpenzi wa ushairi wetu hawezi kuzisoma asimkumbuke Mwana Kupona. Nazo ziliandikwa na mama mjane mwenye afya iliyochoka, akiwaandikia watoto wake kwa hofu kuwa hatawahi kuwasimulia kwa mdomo. Nazo zimejaa siku: kuamka, kuoga, kuvaa, kula, kupokea wageni, manukato, ushoni, nyakati za sala. Makabila mawili ya wanawake, mmoja mke wa adui wa Seyyid Said na mwengine binti wa Seyyid Said huyo huyo, walipotaka kuwarithisha watoto kilicho bora, wote wawili wakarithisha mpangilio wa siku.

Lakini Salme anaonesha pia mpaka wa jambo hili. Mazoea yanahitaji watu wa kuyashiriki. Ukifukiza udi mahali ambapo hakuna anayejua kuwa hiyo ni jioni, umefukiza moshi. Husimuliwa kuwa hadi alipofariki mwaka 1924 alikuwa amehifadhi mchanga wa pwani ya Unguja. Mchanga ni kitu. Vitendo vilikwisha kumkatikia. Hiyo ndiyo huzuni yake, na hakuna nia ya mtu mmoja iwezayo kuitibu peke yake.

Karibu na zama zetu Mohammed Khelef Ghassani, mtoto wa Pemba aliyefanya kazi ya utangazaji Ujerumani, alitoa diwani ya N'na Kwetu, yenye jina dogo la Sauti ya Mgeni Ugenini, iliyopata tuzo ya Mabati-Cornell ya mwaka 2015. Nataka kulitazama jina tu. Mgeni angeweza kusema nilikuwa na kwetu, kama Salme. Amesema anako, kwa wakati uliopo, na amesema kwa lafudhi ya kwao, akiimeza irabu kama anavyoimeza mtu aliyekaa barazani. Lafudhi ni mazoea yasiyohitaji kupakiwa katika sanduku. Kila anapofungua kinywa, mgeni ameshafika. Na kwa kuwa leo wapo wenziwe wa kumsikia, hapa na huko, kitendo hicho kina wa kukipokea.

Neno kwa watunzi wa leo

Nimalizie kwa lawama, kama ilivyo ada ya wahakiki. Siku hizi mashairi ya furaha ni mengi. Yanapita katika simu zetu alfajiri na jioni, yamepambwa waridi, yakitunasihi tufurahi, tushukuru, tuishi leo. Vina vimetimia, mizani imetimia, na nyumba hamna. Ukimuuliza mtunzi ni furaha ya nani, ya mtaa gani, ya saa ngapi, hana jibu. Ameanza pale alipomalizia Mwana Kupona, kwenye dua, bila ya kupitia kwenye ufagio.

Kwa watunzi hao nina kipimo kimoja. Ondoa jina lako juu ya shairi, kisha mpe jirani yako alisome. Je, atajua kuwa limetoka katika nyumba iliyo karibu na yake? Kama kuna mkeka wa ukindu, useme umetandikwa wapi na nani huukalia. Kama kuna samaki, sema aina yake na nani aliyempaa. Na kama furaha ya shairi lako imepikwa na mtu mwengine, muweke ndani ya ubeti, tena kwa heshima. Usirudie kosa la waliotutangulia ambao sisi tunalijua na wao hawakulijua. Tungo nzuri za furaha huanza kwa kuuliza, kama alivyouliza mama mmoja kila alasiri, na mwenye kutunga ni yule anayejibu kwa wakati.

Mimi jibu langu nimechelewa nalo, lakini nitaliandika hapa kwa kuwa sina tena pengine pa kulipeleka. Ya iliki ilikuwa nzuri kuliko zote. Ile ya mchaichai, siku ya mvua, ilikuwa nzuri zaidi.